Njia Ndefu Mno ya Mzee Mulenda

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba, 2024

Aibu! Dada Sarah-Grâce amekuja kwa pikipiki ya motari kutoka Wamaza kuangalia TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo. Ugonjwa wa mihogo, kurasa arobaini na tatu, nimezipiga mwenyewe kwenye kompyuta, mashine ya sekretaria yetu ya kupigia watu karatasi. Lazima aziweke kwenye institut, chuo chake, Ijumaa kabla ya saa sita. Asipoweka, mwaka umepotea.

Nikafungua dosye, yaani folda. Nikakuta "TFC mupya". Chini yake "TFC mupya ya mwisho". Chini yake "TFC mupya ya mwisho kweli". Nikafungua ya mwisho kweli: mwaliko wa harusi ya watu wa Salamabila! Tukaipata TFC baada ya robo saa, ndani ya "Nouveau dossier (14)". Na sura ya kumi imekaa mbele ya sura ya pili. Nani alifundisha mashine hii kuhesabu?

Estelle, mwenzangu wa kazi, alicheka. Yeye hutupa kila kitu kwenye biro, uso mzima wa mashine umejaa kama sahani ya dagaa. Anasema anajua kila dagaa alipo.

Nimeanza barua kwa wenye kuunda mashine. Ombi la kwanza: kumi ikae nyuma ya tisa.

Jumanne, tarehe 9

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa!

Hapa kwetu nani hutafuta mtu kwa alfabeti? Unamuuliza: wewe ni wa wapi, mutoto wa nani? Basi. Fishie nazo, maandishi ya kila mteja, zitapangwa hivyo. Dosye ya Kabambare. Ndani yake Wamaza. Ndani yake babu, ndani ya babu baba, ndani ya baba mwenye fishie. Nimepanga wateja sitini na mmoja kabla ya jua kutoka kwenye pano ya umeme.

Baba Iliasi wa Salamabila alikuja kuchukua attestation yake, karatasi ya uthibitisho. Nilimwomba ataje baba yake na babu yake. Alitaja mpaka kizazi cha tano, amesimama, mkono kifuani. Akasema hakuna biro ya serikali hata moja iliyowahi kumuuliza habari za babu yake. Karibu alie. Attestation ilipatikana!

Estelle akaniuliza: yaya Salomon, uko napanga dosye ao uko natafuta bibi wa kuoa? Akasema kwa muda ule angetolea watu wanne karatasi zao. Wivu.

Ombi la pili: mashine iulize mtu kwao ni wapi.

Jumatano, tarehe 10

Sarah-Grâce amekuja kwa masahihisho ya mwisho. Tumemaliza vizuri; kuchapa ni kesho. Nikamwonyesha ukoo wake kwenye mashine. Akafurahi, kisha akauliza kwa upole kwa nini babu yake ameandikwa "Mulenda" tu, kama mbuzi aliyepotea.

Nilitoka jasho. Kweli! Nani anamwita babu wa mtu hivyo? Alipoondoka nikarekebisha. Sasa dosye inaitwa "Mzee Wetu Marehemu Mulenda Feruzi Mwenye Heshima Mwana wa Kalonda Mlimaji Hodari na Mpatanishi wa Watu wa Ng'ambo Zote Mbili za Mto Luama". Mashine ilikubali bila neno, kama mama mkwe.

Nikawaheshimu mababu wengine wote. Siku njema sana.

Alhamisi, tarehe 11

Msiba. TFC haifunguki.

Mashine inasema kwa Kifaransa kwamba njia ni ndefu mno. Njia! Motari wa Wamaza anasukuma pikipiki kwenye matope nusu ya safari na hajawahi kusema njia ni ndefu mno. Mashine imekaa kivulini, haibebi hata mfuko wa muhogo, inachoka!

Nikajaribu kuinakili kwenye flashi: njia ndefu. Kuibadilisha jina: njia ndefu. Nikaiomba mashine itafute "mihogo". Ikatafuta polepole kama kinyonga, ikaleta orodha ya vyakula vya harusi ileile ya Salamabila.

Nikamwuliza Sarah-Grâce kama anazo karatasi alizoandika kwa mkono. Akasema mama yake amezifungia karanga za kuuza. Kisha akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Heri angenitukana.

Nikatangaza kwamba ni virusi. Estelle akakohoa.

Ombi la tatu, la nne na la tano: njia, njia, njia!

Ijumaa, tarehe 12

Saa mbili. Nilikuwa na mpango: kwenda Wamaza kununua karanga zote na kukusanya kurasa. Sarah-Grâce akauliza kama nitarudi kabla ya saa sita.

Estelle akaomba kiti. Hakuigusa TFC. Alipanda juu mpaka kwa babu, akafuta heshima zote, akaandika "M". Akasema majina ya dosye zote, moja ndani ya nyingine, ndiyo njia ya mashine.

Herufi moja! Nilipiga kelele. Mlimaji hodari, mpatanishi wa Luama, amebaki M! Nikamgeukia Sarah-Grâce anisaidie kulalamika. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Akasema babu mwenyewe alisaini hivyohivyo maisha yake yote, M, hakujua herufi nyingine.

TFC ikafunguka. Kurasa arobaini na tatu, zikatoka zote! Akaruka juu ya pikipiki, karatasi kifuani. Saa sita kasoro kumi akarudi, muhuri wa institut juu ya nakala yake. Tulicheza sote watatu katikati ya sekretaria. Akatugawia karanga. Zilifungwa kwenye ukurasa wa kumi na saba.

Jumamosi, tarehe 13

Nimefikiri kwa utulivu. Nimeona kosa.

Nilipanga upande wa baba peke yake. Mti wa upande mmoja lazima uanguke. Leo nimeongeza upande wa mama, kwa wateja wote, pamoja na wajomba.

Barua pia imekwisha, maombi saba. Nimeiweka kwenye dosye ya "Wageni". Nikaona si adabu kuwaita hivyo watu ninaowaomba kitu. Nikaongeza kwenye jina la dosye vyeo vyao, shukrani zetu, na salamu kwa babu zao tusiowajua.

Jioni nilitaka kuandika ombi la nane. Njia ndefu mno.

Jumatatu nitamwambia Estelle kwamba virusi vimerudi.