Kiti cha Kulia

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ukungu mzito Uthiru. Duka langu la mapazia, mjini, halikuona mteja hadi saa tano. Nikapata muda wa kufikiri, jambo ambalo mke wangu Nyakio husema ni la hatari.

Kapteni Hemed, mwalimu wetu wa urubani, ametangaza kwamba Jumamosi hii mwanafunzi mmoja ataruka peke yake. Tuko wawili tu. Mimi, miaka arobaini na saba, saa thelathini na moja angani. Na Lornah, muuguzi wa Dagoretti Corner, saa kumi na nane. Hemed anasema Lornah yuko tayari. Kunihusu alisema, "Tutaona, Bwana Kiarie."

Tutaona! Nimeshawaambia wakwe, kanisa na jengo zima la dukani kwamba nitakuwa wa kwanza.

Jumatano, 9 Julai

Nimeijua shida yangu. Ndege yetu ina viti viwili na ni nyepesi kama kibanda cha mabati. Hemed ana kilo tisini na tano. Akishuka, inapaa kama kitu kilichokatwa kamba. Wepesi huo ndio unaoninyima usingizi.

Suluhisho: gunia la viazi kutoka soko la Kangemi, likae kwenye kiti chake. Nimelivalisha koti langu la zamani ili kwa mbali lifanane na mtu. Nyakio alilikuta limeketi sebuleni. Akarudi jikoni.

Ijumaa, 11 Julai

Hemed amelikuta gunia. Nilikuwa nalijaribishia mkanda. Hakufoka. Alisema tu kwamba kiazi kimoja kikiviringika hadi kwenye usukani hautageuka, na nitazikwa nacho. Viazi vimepikwa na Kitavi, mlinzi wa kiwanja. Nilikula sahani mbili.

Jioni nikamtumia Lornah ujumbe kwamba masomo ya kesho yamesogezwa hadi saa nne. Hayajasogezwa. Ni saa moja.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekosea kuandika tarehe mara mbili. Baridi, nadhani.

Saa moja asubuhi, kiwanjani, nyuma ya Ngong. Hakuna upepo. Lornah hayupo. Hemed alitazama saa, akatazama barabara, akasema twende. Tulizunguka mara tatu pamoja na sikukosea. Akashuka. Akafunga mkanda wa kiti chake kitupu, akauvuta mpaka ukalala bapa, akafunga mlango. Mzunguko mmoja, akasema, halafu utue.

Nikaondoka. Niliusubiri ule wepesi. Haukuja. Ndege ilikimbia mwendo mrefu, ikanyanyuka kwa uzito uleule wa watu wawili. Nikafurahi. Nikajiambia niliogopa bure.

Kwenye kona ya pili nilitazama kulia. Mkanda haukuwa umelala. Ulikuwa umejitenga na kiti, umekaza, umepinda kama unavyopinda juu ya tumbo la mtu.

Nikatazama mbele kwa muda mrefu.

Nilipogeuka tena, dirisha la upande ule lilikuwa na doa la mvuke, kwa ndani, kubwa kama kisahani. Likafifia. Likarudi. Likafifia. Nikawa nahesabu, maana sikujua nifanye nini kingine. Lilikuwa linapumua polepole kuliko mimi.

Wakati wa kutua nilikuja juu mno. Nilijua. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Sikumbuki niliiweka hapo saa ngapi. Usukani ukasogea mbele wenyewe, kidogo tu, kwa ustadi, na injini ikapunguza sauti. Magurudumu yakagusa ardhi bila mshindo. Sijawahi kutua vizuri namna ile.

Kitavi alisimama na ndoo ya maji, anayomwagiwa kila anayeruka peke yake mara ya kwanza. Hakuimwaga. Kando yake, Lornah. Kumbe hakuuamini ujumbe wangu hata kidogo. Alicheleweshwa na pancha tu.

Hemed alifungua mlango wa kulia. Akapapasa kiti, akachungulia nyuma yake, akainama chini ya ndege. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Umemshusha wapi?"

Nikauliza nani.

"Uliyekuwa naye."

Nikaapa sikuwa na mtu. Lornah akasema, "Kiarie, wacha mchezo. Umepita juu yetu hapa, nimeona vichwa viwili." Kitavi akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kiti.

Hemed amekataa kutia sahihi kwenye daftari langu la urubani. Anasema aliyeruka na mwenzake hajaruka peke yake. Saa tatu akaruka Lornah, kwa ndege ya pili ya Hemed, inayofanana na yetu. Ilipaa kama karatasi. Ndoo ikawa yake.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani wameniuliza. Nimesema hali ya hewa.

Lornah amenitumia video aliyopiga. Nimeitazama mara tisa. Kichwa changu kinaonekana vizuri. Pembeni yake kipo kingine, kirefu kidogo. Kwenye kona ya pili kinaniinamia hadi sikioni, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo.

Sikusikia kitu. Au nilisikia, nikadhani ni injini.

Nyakio ameitazama mara moja, akaifuta kwenye simu yangu. "Baba Becky, usirudi huko." Hajawahi kuniomba jambo kwa sauti ile. Nimemwahidi.

Jumanne, 15 Julai

Hemed amepiga simu. Ameifungia ndege bandani. Kila jioni anaufungua mkanda wa kiti cha kulia, na kila asubuhi anaukuta umefungwa. Ameniomba nisikanyage kiwanjani mpaka aniite mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

Nimemwelewa mara moja. Wivu. Hakuna mwalimu anayependa mwanafunzi wake apate mwalimu bora zaidi.

Ijumaa adhuhuri Hemed huwa msikitini. Ufunguo wa banda uko kwa Kitavi, nitamwambia nimetumwa. Nimeisoma kanuni mara mbili: mwanafunzi asiruke peke yake bila idhini ya mwalimu. Peke yake! Hemed mwenyewe ni shahidi kwamba sikuwa peke yangu. Lornah ana video. Sina kosa lolote.

Nyakio anajua naenda Kikuyu kupima madirisha ya mteja. Nimenunua vifaa vya masikioni, jozi ya pili, ili tusikilizane vizuri.

Jina lake nitamwuliza tukishapaa.