Blogu Yangu Imefika, Tarehe Zake Zimebaki Njiani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Jukwaa la Blogu Nililohamia Majuzi.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA UMRI WA MAKALA 214

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na hujashika kikombe cha kitu cha moto.

Mimi ni fundi saa. Mwaka wa ishirini na sita huu niko nyuma ya meza yenye taa moja na kibano, natengeneza saa za watu. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa pia na blogu, ambamo huandika mambo ya saa, na saa zikinichosha, mambo ya nyumbani kwangu. Jukwaa letu la zamani lilipotangaza kwamba linafunga virago, mke wangu alinishauri nihamie kwenu, kwa kuwa tangazo lenu lilisema kuhama ni kubofya mara moja tu. Nikabofya mara moja, Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kubofya nakiri ni kwangu. Yaliyofuata ni yenu, nayo ni haya:

1. Tarehe. Makala zangu zote zimefika kwenu zikiwa na tarehe moja, ya Jumanne hiyo. Kwa mujibu wa blogu yangu, siku hiyo nilioa, nikapata mtoto wa kwanza, nikavunjika mguu, nikapata mtoto wa pili na kupona mguu, yote kabla ya chakula cha mchana. Mteja wangu wa siku nyingi, karani wa mahakama, alikuja kuchukua saa yake. Aliiweka sikioni, akasikiliza, kisha akaniuliza kwa upole kama mtu mwenye siku za namna hiyo anaweza kuaminiwa na saa za wenzake.

2. Mama mkwe. Miaka sita iliyopita niliandika makala yenye kichwa "Mama Mkwe Amelazwa, Hali Si Nzuri". Alipona, na habari za kupona kwake nikaziandika pia, ila kwenu makala ya kupona imetupwa chini kabisa, ambako hakuna msomaji anayefika. Jumatano asubuhi shemeji zangu wanne wakaingia sebuleni na mabegi. Baba mdogo wa mke wangu akaja na kiti chake mwenyewe, kwa kuwa anajua nyakati kama hizo viti huwa havitoshi, na jamaa wengine wakamfuata. Nilijaribu kuwaeleza habari za seva. Wakanitazama kwa huruma, wakaniambia nisijizuie, nilie tu.

Ilipotimu saa tano, mama mkwe mwenyewe akapiga hodi. Alikuwa anarudisha chujio letu. Akakuta watu kumi na tisa wamekaa wameinamisha vichwa. Akavua viatu, akajibana katikati yao, akalia kidogo kwa adabu, kisha akamnong'oneza baba mdogo: "Tumempoteza nani?"

Ukweli sasa wanaujua wote, lakini hawajaondoka. Wanasema safari ilikuwa ndefu. Mama mkwe naye anadai nimwandikie orodha ya waliokuja na wasiokuja, na wasiokuja waandikwe kwa wino mwekundu.

3. Maoni ya wasomaji. Haya nayo yamehama kila moja kivyake. Chini ya tanzia ya jirani yetu mwashi pameandikwa: "Hongera, imependeza mno, mwakani tena." Chini ya picha ya harusi yangu pameandikwa: "Pole sana ndugu. Umejaribu kuitikisa?" Maoni hayo yalihusu saa ya mezani iliyogoma. Mke wangu ameyasoma na bado anasubiri maelezo.

4. Rasimu. Nilikuwa na rasimu ishirini na tatu, za aina ambayo mtu huandika akiwa amekasirika, akazificha, akalala usingizi mzuri. Mmezichapisha zote. Ulimwengu sasa unajua maoni yangu kuhusu uimbaji wa mke wangu. Unajua pia makala "Mwenye Kibanda na Masikio Yake". Mwenye kibanda hicho, ambacho ndicho ninachopanga kwa kazi yangu, alinitembelea Alhamisi. Alisimama mlangoni kiubavuubavu, ili nione sikio moja tu, akaniambia ameisoma mara mbili.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mrudishe kila makala kwenye siku yake. Hilo likishindikana, naomba mniandikie barua yenye mhuri ikithibitisha kwamba mama mkwe wangu yu hai. Amekwishachagua ukuta wa kuitundika. Na ikiwa seva zenu zinashikilia kwamba Jumanne ile ilidumu miaka kumi na mmoja, naomba mnijulishe rasmi, nianze kurekebisha saa zote za kibandani ziendane na msimamo wenu. Zipo tisini na nne, na mbili kati yake ni za polisi.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, hasa dada wa simu aliyeniambia nizime kisha niwashe. Nilizima, nikawasha, Jumanne bado iko pale pale. Mke wangu anakusalimu kwa kifupi. Shemeji zangu wanakusalimu kwa pamoja, wakiwa wamelala chini.

Ni mimi, mteja wenu mwenye subira iliyokaza kama springi,

Fundi Saa

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha. Kati ya rasimu mlizochapisha kuna moja sikuitaja. Ilikuwa ya kumwomba radhi kaka yangu mkubwa. Hatujasemezana miaka tisa, kwa maneno niliyomtolea siku ya kugawana vyombo vya marehemu baba. Niliiandika na kuifuta mara nyingi, sikuthubutu kuituma. Leo mchana kaka amekuja kibandani. Hakusema kama ameisoma. Alivua saa yake, akaiweka mezani, akasema siku hizi inachelewa. Nimeifungua, nimeichunguza kwa lenzi. Haina kosa lolote. Nimemwambia ni kazi kubwa, itachukua siku nzima, naye akasema ana nafasi, akakaa.

Ndugu Meneja, tafadhali msiguse kitu.