Karavani Iliyokataa Kutoka Bandani

Jumatatu, 8 Desemba

Shule imekwisha. Kila mtu hapa mjini Warwick ananiuliza sasa nitafanya nini, isipokuwa Shangazi Donna, ambaye ameshajibu kwa niaba yangu. Jumatatu ijayo nianze kazi kwa daktari wa meno anakofanya kazi yeye. Kazi yenyewe ni kupokea simu.

Simu. Mimi, Tahlia, ambaye simu ya nyumbani ikilia huenda kufua.

Nimemwambia nitafikiria. Amesema hakuna cha kufikiria, jina langu limeshashonwa kwenye blauzi.

Lakini nina mpango. Tangu Babu afariki, Bibi Nerida anasema anataka kuzunguka nchi na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ila hataki kwenda peke yake. Mimi naishi kwake na sitaki simu. Tukapatana kabla chai haijapoa. Tukiondoka kabla ya Jumatatu, blauzi ibaki na jina lake.

Shida ni masharti. Karavani iwe nyepesi, maana gari la Bibi ni dogo na hulalamika hata likibeba mfuko wa mbolea. Bibi aweze kusimama wima ndani, naye ni mrefu kama mlingoti. Halafu iingie kwenye banda la gari alilojenga Babu, kwa sababu mvua ya mawe ya Desemba haina huruma, na kasuku weupe hutafuna mipira ya madirisha kama peremende. Banda ni fupi. Babu alikuwa mfupi. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa banda lile hata kwa bisbisi.

Jibu ni karavani ya paa la kuinuka. Barabarani paa limelala. Ukifika kambini unalisukuma juu kwa mabega, na Bibi anasimama. Nimeona moja kuukuu inauzwa Allora, si mbali. Bibi akaniambia nipige simu niulize. Nilienda kufua.

Amepiga yeye.

Jumanne, 9 Desemba

Allora. Mbinu ilikuwa yangu: Bibi azungumze, mimi nikague. Nikiona kasoro, nikohoe, naye ajue kushusha bei.

Sikujua kwamba karavani iliyofungwa muda mrefu ina vumbi la namna ile. Nilikohoa tangu mlangoni. Nilikohoa nikiangalia godoro, nikakohoa nikiangalia jiko, ambalo lilikuwa zuri kabisa. Bibi akamwambia mwenye mali kwamba anasikitika, inaonekana karavani nzima imeoza. Mwenye mali huyo, Bi Glenys, mjane mpole mwenye kofia ya bustani, akaniletea maji na kumwuliza Bibi kama nimewahi kupimwa kifua.

Hata hivyo alipunguza bei. Nadhani ni kwa kunihurumia.

Paa lilipanda vizuri. Bibi alisimama ndani, akanyoosha shingo, akasema hajawahi kuwa katika chumba kidogo kinachomheshimu hivi. Kibati mlangoni kilichoandikwa uzito wake ikiwa tupu kinasema ni nyepesi kuliko tulivyotegemea. Bi Glenys akasema vyote vilivyomo ndani ni vyetu, yeye na marehemu mumewe walivikusanya nchi nzima na hataki kuviona tena. Niliona vyombo, cherehani na mitungi ya achari. Chini ya vitanda sikuangalia. Nilikuwa bado nakohoa.

Bibi aliniuliza kama itaingia bandani. Nilimwambia nimepima kwa macho.

Jumatano, 10 Desemba

Tumeileta. Gari lilipanda kila kilima kama mtu anayepelekwa asikotaka, na nyuma yetu malori yalipanga foleni. Kila karavani tuliyopishana nayo, dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao. Bibi alifurahi mno akawa anajibu kwa mkono mzima. Kila salamu ilitupeleka nje ya barabara.

Kisha kurudi rivasi bandani. Jirani yetu, Mzee Royce, alituona kona ya mtaa. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshatoa viti vyake vya kukunja, kimoja chake na kimoja cha mkewe Beryl, na kinywaji baridi mkononi. Mtu akirudi rivasi na karavani, watu huketi kutazama. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hii. Nisingependa kukutana naye.

Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kutoa ishara. Bibi aligonga pipa la taka, akagonga tena pipa lilelile, akashuka. Akasema ishara zangu ni za mtu anayefukuza inzi kwa adabu, na kama nataka asimame nifanye kama nataka asimame.

Mzee Royce akauliza kwa sauti: "Bi Nerida, hiyo ni karavani au sanduku la mkate?"

Bibi akamjibu kwamba mkate angalau hutoka dukani. Karavani ya Mzee Royce ni kubwa kama zahanati, ina dishi la televisheni, na haijavuka geti lake tangu ilipofika. Beryl alicheka mpaka kiti kikajikunja naye ndani.

Imeingia. Juu ya paa kuna kidirisha chenye mfuniko, na kati ya mfuniko na boriti ya Babu juu ya mlango wa banda inapita ncha ya kidole changu. Kidole chembamba. Lakini imeingia. Nilisema nimepima.

Alhamisi, 11 Desemba

Mzee Royce amekuja asubuhi bila kualikwa. Amezunguka karavani mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akachuchumaa, akatazama springi. Akauliza tumebeba nini humo, maiti? Springi zimelala chali. Tukienda hivyo gari litakufa kabla ya kilima cha kwanza, na tairi hazina upepo hata wa kuzima mshumaa.

Sipendi mtu huyu anapokuwa na haki. Hukunja midomo.

Niliinua godoro. Chini ya vitanda vyote viwili: mawe. Masanduku na masanduku ya mawe. Bi Glenys na mumewe walikuwa watafutaji wa vito, na inaonekana hawakuwahi kukutana na jiwe wakaliacha. Nimeyatoa yote mimi mwenyewe. Nikatoa na cherehani, mitungi, sufuria za chuma. Nikamwaga maji ya tangi. Nikajaza tairi upepo mpaka zikalia kama ngoma. Sijawahi kufanya kazi hivyo maishani.

Kuhusu mawe, sikutaka kubisha hodi za watu. Niliyapanga nje ya geti na kibao: BURE. Mpaka jioni hakukuwa na hata moja. Bwana Kostas wa duka la samaki na chipsi, jirani wa mtaani, alikuja na toroli akayabeba, akarudi tena. Anajenga ukuta wa kuzungushia waridi zake.

Karavani inapendeza. Imesimama wima, nyepesi, kama imevua koti la mvua. Nimeitazama kutoka kila upande isipokuwa juu.

Ijumaa, 12 Desemba

Tulikuwa tuondoke leo.

Bibi alivaa kofia yake ya safari. Nilifunga ndoano, nikapandisha miguu ya kona inayoishikilia ikiwa imeegeshwa, nikatoa ishara kubwa safari hii. Bibi akakanyaga mafuta. Gari halikwenda. Akakanyaga zaidi, na likalia banda. Si karavani, banda zima, kuanzia nguzo mpaka bati, kama mzee anayeamshwa kwa nguvu.

Bibi alizima gari papo hapo.

Nikatazama juu. Hakuna nafasi ya kidole. Hakuna nafasi ya karatasi. Nilipoipunguzia mzigo, karavani ilipanda na springi zake, na mfuniko wa kidirisha umejikita nyuma ya boriti. Niliifanya nyepesi iweze kusafiri, na sasa ni nyepesi mno kutoka.

Mzee Royce alifika na viti. Akatoa ushauri wa kwanza: tutoe upepo. Tukatoa hadi akasema tukizidisha tutaharibu tairi. Ikashuka kidogo, nikarudisha na cherehani, mitungi na maji ya tangi, lakini mfuniko bado umeshika. Ushauri wa pili ulikuwa msumeno. Boriti moja tu, Bi Nerida, dakika mbili, hata haitaonekana.

Bibi alienda akaweka kiganja kwenye nguzo, pale ambapo kuna alama ya kreti la maziwa alilokuwa akipanda Babu ili kufikia juu. Kisha akasema kama ni kuchagua kati ya safari na boriti, basi karavani ibaki, na yeye abaki nayo. Akavua kofia.

Shangazi Donna akapita kuleta blauzi. Akaliangalia banda, akaniangalia mimi, akasema basi Jumatatu, saa mbili, na nichane nywele.

Nilienda kwa Bwana Kostas kuomba mawe yangu. Yaani, nilienda mpaka getini. Kutoka pale niliona yameshajengewa saruji. Nikarudi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeamka na jibu. Tunahitaji uzito. Mtaa wetu umejaa uzito. Uzito huo una miguu, na jioni hunywa bia.

Jaribio la kwanza lilikuwa kibao getini: WATU WAZITO WANAHITAJIKA, CHAI IPO. Hakuja mtu. Mke wa Kostas alisoma, akasoma tena, akavuka barabara. Mzee Royce akaja kuniuliza kama nimemkusudia yeye. Nilisema hapana. Akasema vizuri. Kisha akasimama pale, kama aliyetaka niseme ndiyo.

Nikang'oa kibao. Nikatazama kofia ya Bibi juu ya friji.

Nilibisha hodi. Sitaki kueleza sana. Kwa Kostas nilizungumza na kitasa cha mlango mpaka akafungua. Kumwambia mtu mzima kwamba unamhitaji kwa sababu ya umbo lake hakuna njia nzuri, nilijaribu zote. Mwishowe nikawa nasema kwamba saa kumi na moja tunafanya vinywaji vya jioni, kama wafanyavyo kambini, ila ndani ya karavani, na tungependa waketi upande wa nyuma. Mke wa Kostas akauliza kama hii ni ile habari ya wazito. Nilisema ndiyo. Akafikiri. Akasema ataleta mama yake.

Nilibisha nyumba zote za mtaa.

Walikuja na viti vyao vya kukunja. Niliwaambia ndani kuna makochi, lakini mtu wa Warwick hatengani na kiti chake. Waliingia na viti, jibini, vitunguu vya achari, soseji zilizookwa ndani ya unga. Kwa sababu paa lilikuwa limelala, waliinama wote kama wanaosali. Beryl alikaa mapajani mwa Mzee Royce, akatangaza kwamba ni mara ya kwanza tangu harusi. Shangazi Donna alikuja kunikumbusha kuhusu nywele, nikamwomba aingie. Akaingia. Alipokanyaga ngazi, nilisikia mfuniko ukisema *tak*.

Nafasi ya kidole.

Bibi akawasha gari. Niliinua mikono yote miwili na kupiga kelele aje, aje, aje polepole. Sauti ilikuwa yangu. Banda halikulia. Karavani ilitoka kama droo, na watu wote ndani, na mama yake mke wa Kostas akipunga mkono dirishani.

Hawakushuka. Walisukuma paa juu pale pale uani, wakanyooka, wakamaliza soseji. Mzee Royce akasema ishara zangu sasa zinaonekana hata angani.

Hapo Shangazi akanishika mkono. Akauliza kama ni kweli nimebisha kila nyumba. Kwa fahari, kwa ujinga wangu, nilisema ndiyo. Akasema basi simu itakushinda nini, mwanangu?

Mtego. Nimejitega mwenyewe.

Bibi alikuwa anavaa kofia yake. Alisema, "Donna, huyu ana kazi. Mimi nikirudi rivasi bila yeye, nitamaliza mapipa ya nchi nzima."

Shangazi alitutazama. Kisha akaikunja blauzi na kunipa, eti niichukue kwa kufutia vyombo.

Jumatatu, 15 Desemba

Kambini, Stanthorpe. Nchi nzima inatusubiri, na sisi tumefika mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani. Bibi alitaka kusimama aone kila kibanda cha matunda ya cheri.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nafuta vyombo kwa jina langu. Bibi alisimama wima ndani, akinywa chai.

Shida ni joto. Bibi hakulala vizuri. Lakini nina mpango. Jirani wa kambi anauza kiyoyozi kilichotumika, kile cha kufungwa juu ya paa. Nilikwenda mwenyewe kumwuliza. Ni kizito, lakini Bibi anasema hilo ni jambo jema, tumejifunza kwamba uzito hushusha. Ameshaokota na mawe mawili mazuri mtoni.

Wanakifunga sasa hivi. Banda halitakuwa na tatizo. Nimepima kwa macho.