Foleni ya Dawati la Wazee

Jumatatu, 4 Agosti
Mkuu wa ofisi yetu ya ustawi katuita. Dawati lenye majina machache litafungwa mwezi ujao, na karani wake akapumzike nyumbani. Mimi nina posho ya wazee wa miaka sabini na kuendelea, na tabia ya wazee inajulikana: wanapungua. Mama wa dawati la wajane tunamwita Miwani. Alichonga penseli tu. Mzee wangu akifa, mkewe anahamia kwa Miwani. Wateja wangu wenyewe wananichimba.

Jumanne, 5 Agosti
Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Umri ushuke hadi sitini. Mchana nikamvizia mheshimiwa, anayeomba kura tena, alipokuja zahanati kupigwa picha na wagonjwa. Nikamnong'oneza kwamba watu wa sitini ni wengi, hawana kazi, na siku ya kura hudamka. Akauliza fedha zitatoka wapi. Nikamwambia hilo ni swali la baada ya uchaguzi. Akaniita profesa.

Alhamisi, 7 Agosti
Mheshimiwa katangaza sitini. Mpinzani wake, asizidiwe, katangaza hamsini na tano. Sasa nani atathubutu kurudisha sabini? Kumpa mtu posho ni sahihi moja. Kumnyang'anya ni vita. Miwani kanuna. Nasikia anaandikisha wanawake ambao waume zao wanakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti
Amri imeshuka: umri ni sitini, na wote, wa zamani na wapya, wajiandikishe upya, ana kwa ana. Asiyejiandikisha hapati kitu. Dirisha ni langu peke yangu. Shangazi aliyenilea, miaka themanini na moja, kaniomba nimwandike hapo hapo nyumbani, mezani, miguu imevimba, na vidonge vya presha, anavyonunua kwa posho, vimebaki vya siku mbili. Nikamwambia foleni ni foleni, Miwani ananitafutia kosa. Akasema haya baba, mwenye dirisha ni wewe.

Jumatatu, 11 Agosti
Foleni imezunguka jengo mara mbili. Hawa vijana wa sitini wanasukumana kwa viwiko kama wanagombea mpira. Shangazi nilimwona karibu na tangi la maji, kakalia kopo la rangi. Hakunipungia. Majina mia nne na kumi kwa siku moja! Miwani kapita mara tatu kuchungulia. Nilifunga dirisha shangazi akiwa bado mbali.

Jumanne, 12 Agosti
Shangazi katoka alfajiri, sikumsikia. Saa sita wakaniita nje. Walikuwa wamemlaza kivulini, na wenzake wanamshikia nafasi, kopo wakilisogeza kila foleni inaposogea. Alikwishakata roho. Mganga wa zahanati kauliza kama alikuwa anatumia dawa. Nikasema alikuwa anaingoja.

Jumatano, 13 Agosti
Tumemzika. Miwani kaja, kalia kwa sauti hadi nikaguswa, mpaka nilipomwona nyuma ya ukuta na kibweta cha wino, jirani zangu wawili wajane wakitia dole gumba kwenye fomu zake.
Nimekaa kitandani pa shangazi. Godoro lina shimo la ubavu wake. Nilikuwa na miaka minne aliponichukua. Nimelia, sikatai.
Kisha nikaanza kuhesabu. Kila mzee akifa anaacha wafiwa saba, nane. Wajane wana dawati, wazee wana dawati. Wafiwa hawana mtetezi. Kesho namwona yule mpinzani wa mheshimiwa. Fomu nimeshaichora kwa rula, na ya kwanza nimeijaza mwenyewe.