Kipa Aliyenunuliwa Buyenzi

Atumani alikuwa amebakiwa na njia moja tu, ya uchochoroni, ya kwenda msikitini. Njia nyingine zote za mtaa wa Buyenzi zilikuwa na watu aliowatapeli: fundi wa matairi aliyeuziwa viza ya Kanada, mama wa maandazi aliyelipia friji inayotumia mwanga wa mbalamwezi, na muuza vipuri mmoja mcha Mungu ambaye mpaka leo anasubiri ngamia wake. Ndiyo maana Atumani alikuwa akiota kuhamia Kigoma, ambako hakuna aliyeijua sura yake. Alichokosa ni mtaji. Na mtaji, siku moja ya neema, uliingia gereji ya Khaled ukiwa ndani ya V8 nyeusi inayofuka moshi.

Mwenye gari alikuwa Mzee Télesphore, mkazi wa Kiriri, mtaa wa matajiri wa mlimani, mwenye depo ya vinywaji kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Mji mzima ulikuwa na kiu miezi ile, bia na Fanta zimeadimika kama petroli, lakini depo ya Télesphore ilikuwa imejaa mpaka dari. Mzee alikuwa amezificha kreti zake akingoja timu ya taifa ifuzu, ili siku ya furaha auze kwa bei inayompendeza. Shida ni kwamba mpira wenyewe hakuujua vizuri.

"Khaled," aliuliza, akiketi juu ya tairi, "sisi tungali mu kundi, ao tumeisha toka?"

Chini ya lori la jirani, alikokuwa amejilaza kumkwepa mama wa maandazi, Atumani alilisikia swali hilo kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa. Akajikung'uta vumbi, akatokea.

"Tungali, patron. Ngoja mi nikuoneshe."

Aliokota nati nne akazipanga juu ya boneti. "Hii kubwa ni Wajangwani. Bale baliisha fuzu, balale tu. Hii ya pili ni Wakisiwa. Hii ni sisi. Na hii yenye kutu, tusiiseme, tutaipiga siku ya mwisho. Lakini hata tukiipiga, Wakisiwa bakitoka sare tu na Wajangwani, tumekufa. Inatakiwa bafungwe."

"Na watafungwa?"

"Na nani, patron? Wajangwani bataweka batoto ba benchi."

Télesphore alizitazama nati kwa huzuni ya kweli. Alikuwa akiziona kreti zake zikizeeka.

"Basi tumekwisha."

"Tumekwisha kabisa," Atumani alikubali, kisha akashusha sauti. "Ila kipa wa Wakisiwa, ule namba moja, murefu, mwenye ndevu... ameoa mutoto wa mama mudogo yangu."

Hapa inabidi tusimame kidogo tuheshimu kazi ya fundi. Atumani hakuwa na mama mdogo. Kisiwa hakuwahi kukiona, isipokuwa mwaka ule maji ya mvua yalipoizunguka nyumba ya shangazi yake Sikuzani. Lakini alilitamka neno "ameoa" kwa unyenyekevu kiasi kwamba Khaled mwenyewe, anayemjua tangu utotoni, nusura aulize harusi ilikuwa lini.

"Ni shemeji yako?" Télesphore akasogea.

"Shemeji wa damu. Mutu wa heshima sana, hawezi kuomba kitu. Njo maana mi naomba kwa niaba yake."

"Na atauachilia mpira?"

"Patron, kwa roho yake nzuri, hata mabao mabili."

Kesho yake mfuko wa sukari ulishuka kutoka Kiriri ukiwa umefungwa kwa kamba, na ndani hapakuwa na sukari. Utapeli ulikuwa umekamilika. Timu ikishindwa, shemeji amesaliti. Ikifuzu, shemeji ni mwungwana. Na katika hali zote mbili Atumani atakuwa Kigoma.

Ila petroli haikuwapo. Gari la Kigoma lilikuwa limelala kituoni siku zote za wiki ile, dereva wake amelala ndani. Siku ya mechi ilipofika, Atumani alikuwa bado mjini, na Télesphore, ambaye umeme ulikatika kwake, akateremka Buyenzi na jerikani ya mafuta ya jenereta ya Khaled. Tapeli na mtapeliwa wakaketi bega kwa bega mbele ya televisheni mbili: ya kulia timu yetu na wale wenye kutu, ya kushoto Wakisiwa na Wajangwani.

Ya kulia ilikwenda vizuri mapema, gereji ikalipuka. Ya kushoto ilibaki bila bao. Kamera ikazunguka kwenye benchi la Wakisiwa, Télesphore akavuta kiti chake mbele. Atumani hakuangalia, alikuwa akimwomba Mungu, na bila aibu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mtoto mmoja wa benchi la Wajangwani alipiga shuti hafifu, shuti la kumrudishia jirani mpira wake. Kipa wa Wakisiwa, kijana mfupi asiye na unywele kidevuni, akaudaka, akauangusha, akautafuta, akauona ukiwa wavuni.

Buyenzi ikawa wazimu. Watu wakapiga spana kwenye rimu, Khaled akambusu mteja. Katikati ya kelele Télesphore alimwinamia Atumani.

"Ule njo shemeji?"

"Njo yeye mwenyewe!" Atumani alilia machozi. "Umeona vile ameuachilia? Ile ni adabu, patron!"

Télesphore alimpigapiga begani. Kisha akapanda juu ya tairi, akainua mkono mpaka watu wakanyamaza.

"Huyu kijana amenifanyia kitu kikubwa. Mbele yenu wote, Atumani, nimekugabira ng'ombe!"

Watu walipiga makofi, maana kugabiwa ng'ombe ni zawadi ya heshima kuliko zote. Atumani naye alipiga, huku kichwani akimgawa yule ng'ombe: mapaja kwa bucha, mbavu kwa wachoma brosheti, ngozi kwa yeyote. Na wakati huohuo, maana mungu wa matapeli ni mkatili, honi ikalia nje. Dereva wa Kigoma alikuwa amepata petroli.

"Panda, tunaenda!"

Atumani alilitazama gari. Akamfikiria ng'ombe.

"Enda tu. Mi nakuja siku ya kwanza," alisema, yaani Jumatatu. Kosa la maisha yake lilikuwa fupi kiasi hicho.

"Ng'ombe haiendewe mikono mitupu," Khaled, ambaye mama yake ni wa Muramvya kwa wafugaji, alimweleza. "Unaenda kwa mwenyewe na ndugu, na vinywaji. Batu bote ba Kiriri batakuwa pale."

"Mi sinywi pombe."

"We utakunywa Fanta. Bale batakunywa bia yako."

Mji mzima, vinywaji vilikuwa depo moja tu. Mke wa Télesphore, Mama Médiatrice, ndiye aliyempokea pale, kwa upole wa mtu anayetaja bei mpya. Atumani alitoa bila kunung'unika. Ni mtaji, alijiambia, bucha italipa.

Jumapili Kiriri ilijaa. Walikuja majirani, majirani wa majirani, na kwaya. Kila aliyesimama kumsifu ng'ombe alikaa akiwa na kiu. Kreti ziliisha kabla ya msemaji wa pili. Atumani akateremka depo, akarudi, msemaji wa nne akaanza. Akateremka tena. Mfuko wa sukari ukazidi kulegea mpaka akaukunja na kuutia mfukoni kama leso.

Mwishowe ng'ombe alikabidhiwa, mwenye pembe ndefu, na fimbo yake. Atumani alimnong'oneza Khaled: "Bucha anachinja leo ao kesho?"

Khaled alimkamata mkono kwa hofu. "Astaghfirullah! Ng'ombe ya kugabiwa haichinjwe, haiuzwe! Unaichunga. Ikizaa, unamurudishia mwenyewe ndama. Na akikuita, unakuja. Wewe sasa ni mutu wake."

"Mutu wake mpaka lini?"

Khaled alifikiri. "Ile batu habaisemake."

Atumani alimkuta Télesphore nyuma ya nyumba, amejishika tumbo kwa raha.

"Patron, ng'ombe nimeshukuru, lakini mi ni mutu wa mujini..."

"Kipa wako," Télesphore alisema taratibu, "ule murefu, mwenye ndevu, alikuwa kwenye benchi. Bandeji mpaka kwenye goti. Mimi nilimwona."

Atumani alivuta kreti tupu, akaikalia.

"Ulijua... na ukanipa ng'ombe?"

"Ningeenda polisi nikasema nini? Eti nilitaka kununua kipa, nikauziwa wa uongo?" Mzee alicheka mpaka machozi. "Ng'ombe njo polisi yangu. Feza imerudi depo, na wewe uko hapa. Kesho asubuhi uje, kuna majani ya kukata."

Jioni ile Buyenzi ilimwona Atumani akirudi kwa njia kuu, maana ng'ombe hakuenea kwenye ile ya uchochoroni. Fundi wa matairi alikuwa mlangoni. Mama wa maandazi alikuwa mlangoni. Muuza vipuri aliuliza kwa sauti kama ndiye ngamia. Na shangazi Sikuzani, akiwa amesimama katikati ya kiua chake kidogo, alimtazama mgeni kutoka pembe mpaka mkia.

"Na hii inaitwa nani?"

Ng'ombe wa kugabiwa huja na jina alilopewa na yule aliyemtoa. Atumani aliifunga kamba kwenye mlingoti wa antena, akakohoa.

"Kipa," alisema.