Watu Wangu Kumi na Tisa

Jumatatu, 12 Mei

Tangazo limetoka. Chuo chetu hapa Uingereza kinatafuta profesa mgeni wa elimu, mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Ni chuo kidogo cha sanaa huria: mwanafunzi anasoma falsafa asubuhi, takwimu mchana, uigizaji jioni, na hakuna anayemuuliza atafanya kazi gani. Mimi nafundisha hapo kwa vipindi. Miaka sita sasa. Mkataba unaisha tarehe 30 Juni. Haika, mke wangu, amesema nikikosa safari hii niende Hayes, ng'ambo ya jiji, kwa kaka yake Godson, kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege. Godson ana nafasi. Godson daima ana nafasi.

Nimempigia baba mkwe huko Moshi kumwarifu kwamba ninaomba. Ameniita Profesa. Sikumsahihisha.

Jumanne, 13 Mei

Peris ameomba pia! Ni Mkenya, tunatumia meza moja, ana miaka miwili tu chuoni. Huchemsha maji kwa birika langu bila kuomba. Nilimwambia kwa upole kwamba nafasi ile inahitaji mtu mzoefu. Akasema ndiyo maana ameiomba.

Nimesoma masharti mara tatu. Kila mwombaji atafundisha somo la nusu saa mbele ya jopo. Mlango utakuwa wazi kwa wanafunzi na kwa wananchi wote. Alama arobaini kati ya mia ni za ushiriki wa wasikilizaji. Arobaini! Peris atategemea wapita njia. Mimi nina jumuiya.

Ijumaa, 30 Mei

Tumebaki wawili, mimi na yeye. Masomo ni Jumanne tarehe 10, chumba kimoja. Mimi saa nne asubuhi, yeye saa tano.

Jioni nilikwenda kwa Mama Generosa, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa Edmonton. Ni muuguzi mstaafu. Akisema watu waje, wanakuja hata kama wametoka zamu. Akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema sambusa. Akasema niandike watu kumi na wanane. Wa kumi na tisa nimemtafuta mwenyewe: Mwadini, Mzanzibari anayeishi mtaa wa Thamesmead. Si wa jumuiya, ni Muislamu, lakini ana koti zuri.

Jumapili, 8 Juni

Mazoezi, ukumbi wa kanisa, baada ya misa. Mada yangu: "Mtoto Asiyeogopa Kuuliza." Ndiyo tasnifu yangu ya udaktari, kurasa mia tatu na kumi. Nimegawa maswali matano, yamechapwa, yana namba. Namba moja ni Blandina, anayehudumia wazee majumbani. Alilisoma vizuri. Kisha akaongeza la kwake: mwanawe haulizi kitu darasani, nyumbani hanyamazi, je, tatizo ni mtoto au mwalimu? Nikamwambia hilo halimo kwenye karatasi. Akasema lakini ndilo analotaka kujua. Nikamwambia atulie, asivuruge mpango. Akatulia. Mwadini akauliza kama kucheka kunaruhusiwa. Nikasema hapana.

Kikundi kina nidhamu. Nimeridhika.

Jumanne, 10 Juni

Naandika kwa mpangilio.

Saa nne kasoro dakika kumi. Watu wangu wote wameketi, safu mbili za mbele, vitenge na makoti. Peris akachungulia mlangoni. "Daktari, hili ni somo ama ni harambee?"

Saa nne kamili. Nikaingia. Watu wangu kumi na tisa wakasimama wima na kuniamkia kwa Kiingereza, kwa sauti moja. Sikuwafundisha hilo. Walilijua tangu darasa la kwanza, kila mmoja shuleni kwake. Wanafunzi Waingereza waliokuwa nyuma nao wakasimama, wakidhani ni zoezi la kukimbia moto. Dakta Ushma, mkuu wa kitivo, akaandika kitu. Nami nikasahau kuwaambia watu wangu waketi. Walisubiri dakika nne. Mama Generosa ana magoti mabaya.

Saa nne na dakika ishirini. Nikatangaza kwamba sasa ni maswali, darasa langu halina woga. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikamtazama Blandina. Akatazama sakafu. Nikamtazama namba mbili. Akamtazama Blandina, hawezi kumtangulia namba moja. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia wote, "Ndiyo, mwalimu!", tena kwa Kiingereza. Dakta Ushma akaandika mistari miwili.

Nje nikamuuliza Blandina kulikoni. "Mwalimu, ningekuulizaje mbele ya mabosi wako? Ungekwama, aibu ingekuwa yetu sote." Nikasema jibu nilikuwa nalo. Akasema karatasi yake ilikuwa na swali tu.

Kisha sambusa. Francis, msimamizi wa jengo, akakataa zifunguliwe kabla ya masomo yote mawili kwisha. Kanuni. Watu wangu hawakupanda treni na basi kutoka Edmonton ili warudi mikono mitupu. Wakaingia tena, wakaketi. Somo la Peris.

Peris hakusimama mbele. Alivuta kiti akaketi katikati yao. Akauliza ni nani aliwahi kuchapwa shuleni kwa sababu ya kuuliza swali. Mikono kumi na saba! Mwadini akasimulia alivyokula viboko sita kwa kumuuliza mwalimu wa sayansi kama amewahi kuiona kwa macho hiyo hadubini anayoifundisha. Mama Generosa akasema alistahili. "Wewe mama bila shaka ulikuwa kiranja," Mwadini akamjibu. Mama akakiri. Kiranja mkuu, miaka miwili. Kicheko. Wanafunzi wa nyuma wakasogeza viti mbele.

Ndipo Blandina akasimama na kuuliza swali lake, lile lisilo kwenye karatasi. Walilibishania dakika kumi na tano. Dakta Ushma alinyoosha mkono. Akangoja zamu yake.

Nilifika wa mwisho kwenye sambusa. Zilikuwa zimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni

Amepata Peris. Mimi, barua ya mistari minne.

Dakta Ushma aliniita kunifafanulia. Utafiti wangu hauna doa, alisema, ila wasikilizaji walionekana kuniogopa. Nikamweleza kwamba ile ni heshima, si woga. Akaniuliza mtoto wa miaka saba anavitofautishaje. Nikamwambia swali hilo liko nje ya tasnifu yangu.

Haika alimpigia Godson.

Baba mkwe naye akapiga. "Profesa!" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumatatu, 16 Juni

Peris amenipa pole. Amenirudishia birika, limesafishwa hadi linang'aa. Kisha akaomba namba ya simu ya Blandina. Anataka aje kuzungumza na wanafunzi wake Oktoba. Nikasema nitaitafuta. Ninayo.

Godson anahitaji mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wapya wa ghala kuuliza kabla ya kugusa mashine. Usaili ni Alhamisi, Hayes. Kuna somo la majaribio, na nimeuliza: wasikilizaji wanaruhusiwa.

Nimetafakari kwa kina kilichoharibika tarehe 10. Ni sambusa. Zisingekuwapo, watu wangu wangeondoka saa tano kasoro, na Peris angefundisha viti. Safari hii hakuna chakula. Mama Generosa amekubali kwa shingo upande. Maswali nimeyachapa upya kwa herufi kubwa, na kila mtu ana jibu lake nyuma ya karatasi. Tutakuwa na watu kumi na wanane.

Blandina sijamwalika. Anauliza sana.