Mti wa Kaburi la Baba Yake

Jumatatu, 3 Machi
Dada, nisamehe kwa kukaa kimya tangu tumzike baba yake mtoto. Naandika kidogo kidogo. Karatasi zikijaa nazituma. Mama mkwe anataka kaburini uote ule mti wa maua mekundu aliokuwa akiupenda mwanawe. Kagawa mbegu: nusu kwangu, nusu kwa wifi. Kisha akamtazama mtoto mgongoni kwangu. "Ukishindwa kuotesha mbegu, huyu nitamlea mimi." Hakuwa anatania.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kazikwaruza zake kwa msasa, kaziloweka maji ya uvuguvugu mpaka kesho. Uzembe huo! Mimi nimezichemsha saa nzima, kama maharage. Zimelainika. Nitampita.

Jumatano, 12 Machi
Za wifi zimechipua nne. Zangu zinanuka. Wifi kaniuliza kama niliweka na chumvi.

Alhamisi, 13 Machi
Mpango mpya. Nimekata tawi nene kwenye mti kama huo ulioko zahanati, mlinzi akiwa chooni. Tawi nalo hushika, ila wanasema uliache kivulini siku kadhaa, jeraha likauke kwanza. Siku kadhaa nitazitoa wapi? Nimelichomeka kwenye kopo leo leo.

Jumatatu, 17 Machi
Kila asubuhi nalichomoa kuangalia mizizi. Bado. Wifi kasema niliache litulie. Anataka nilale ili anipite.

Jumapili, 23 Machi
Mama mkwe kaja mapema. Nilikuwa nimefunga maua matatu kwenye tawi kwa uzi. Akayatazama weee. Akalivuta tawi kwa vidole viwili, likatoka lote. Chini limeoza. Akasema polepole, "Wewe binti, hata kaburi la mwanangu unalidanganya?"
Kamchukua mtoto. Wifi ndiye aliyembeba, na leo hakuwa na mzaha. Mtoto kanipungia mkono, akidhani wanakwenda dukani. Sikulia mbele yao.

Jumatatu, 24 Machi
Nimelifikiria sana. Kosa lilikuwa uzi: mweupe.
Nitumie, dada: uzi wa kahawia. Gundi ya mbao. Mche wa huko kwenu, urefu wa goti, wenye maua tayari, nami nitasema ni lile tawi. Na sweta la mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mikono iwe mirefu kidogo, maana akirudi atakuwa amekua.